Filamu Isiyoisha

Nauza vitu vilivyokwisha kupendwa na wengine: redio, pasi, saa za ukutani, kamera. Sinunui hadithi ya kitu. Mtu akianza kuniambia "hii ilikuwa ya marehemu baba," najua anataka kupandisha bei. Ila Bi Tulia nitamweleza bila kutia chumvi, maana tuligawana kaunta moja miaka mingi, na wa kaunta moja humjua mwenzake kuliko mkwe.

Jina hilo alipewa na mtaa. Alipiga picha za arusi, za watoto, za vyeti, na kila mtu alimwambia neno moja kabla ya kubonyeza: "Tulia." Simu zilipoweka kamera kila mfukoni, studio yake ikabaki na viti na buibui. Kilichomwokoa ni wale wanaotaka kuanza kujifunza kwa kamera kuukuu za filamu, zile nzito za chuma zinazofanya kazi hata bila betri. Mimi nawauzia, yeye anawafundisha.

Somo la kwanza lilikuwa kifundo kidogo cha kushoto, juu ya kamera. Ukivuta mkono wa chuma ulio kulia kusogeza filamu, kifundo hicho lazima kizunguke. Kisipozunguka, filamu haijashika. Utabonyeza mpaka ukome na hutapata kitu. "Ukiona filamu haiishi," alikuwa akiwaambia, "ujue haikuanza." Wanafunzi walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa aliyekosea hurudi kununua filamu nyingine.

Bi Tulia alikuwa na mama, fundi cherehani, na mganga hajigangi: mtaa mzima una picha alizopiga binti ukutani, mama hana hata moja. Simu ikiinuliwa, anageukia ukuta. Atapigwa picha akinenepa, ndivyo alivyosema siku zote. Badala ya kunenepa akaugua, akakonda hadi pete ikahamia kidole gumba.

Mchana mmoja nikaitwa kuitazama cherehani. Mama aliamua kuiuza mwenyewe, wanawe wasije wakaigombania juu ya kaburi. Nilipiga goti, nikakagua gurudumu na mkanda, nikalalamikia kutu, kama inavyopasa. Alinisikiliza akiwa ameegemea mito.

"Mwanangu," akaniambia, "cherehani ina kutu, mimi nina saratani. Nani kati yetu atashona kesho? Ongeza."

Nikaongeza. Si kawaida yangu kushindwa na mtu aliyelala.

Kisha akamgeukia binti yake. "Nipige nayo kabla huyu hajaibeba. Nikingoja kunenepa nitangojea ardhini. Na sitaki ya simu. Simu ikitumbukia chooni, nami nimekwenda. Nataka ya karatasi."

Tulimsogeza hadi kwenye cherehani, mito ikimshika mgongo. Bi Tulia akatoa kamera, akaifungua nyuma, akaanza kuchomeka filamu mpya. Ulimi, ile ncha ya filamu, ukamponyoka mara mbili. Aliyeshika kamera nusu ya umri wake, siku hiyo utadhani kapewa yai la mtu. Mama akamtazama, kicheko kikamtoka.

"Tulia basi."

Neno lake mwenyewe limemrudia. Bi Tulia akainua uso, akacheka huku machozi yakimshuka, akaifunga kamera bila kuangalia chini. Akapiga: mama anatunga uzi, mama amekunja uso, mama anacheka na mapengo yake yote. Mimi nilisimama mlangoni nikingoja mzigo wangu. Picha chache akazibakiza kwa ajili ya jamaa watakaokuja kumwona.

Mama alifariki wiki hiyohiyo, kabla jamaa hawajafika. Asubuhi yake Bi Tulia akaja kwenye kaunta, kaka yake mkubwa akimfuata; ilitakiwa picha ya kuweka mbele ya jeneza. Kilichobaki ni kuimaliza ile filamu ipelekwe kusafishwa. Akaelekeza kamera barabarani, akavuta, akabonyeza. Akavuta, akabonyeza. Thelathini na sita, mwisho wa filamu, ikapita. Arobaini ikapita. Mkono ukazidi kuvutika, laini, bila kugoma.

Akaacha. Akatazama kifundo cha kushoto, akavuta mara moja zaidi.

Kilikuwa kimetulia.

Akaifungua kamera palepale juani, bila kuificha. Ulimi wa filamu ulikuwa umelala ndani, umechomoka kwenye kigurudumu chake. Iliyobaki yote imo mkebeni, nzima.

"Itakuwa tayari lini?" kaka akauliza.

"Haikuanza," akasema.

Kaka hakuelewa. Mimi ndiye niliyempeleka pembeni nikamweleza. Tukamzika mama kwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa: uso mkali, wenye madoa, kama mtu aliyeitwa kituoni kuhojiwa. Aliyeipiga ni karani mwenye foleni.

Baadaye Bi Tulia akaniletea kamera niinunue, filamu ileile ikiwa ndani. Nikamshauri aiweke kidogo. Akaniambia huruma yangu haina soko. Nikanunua. Filamu nzima haitupwi, kwa hiyo nilipompata mteja, muuguzi aliyekuwa ndio kwanza anaanza kujifunza, nikamwachia kama nyongeza. Na kama ilivyo ada yetu, nikamwelekeza kwa mwalimu, upande wa pili wa kaunta.

Bi Tulia aliitambua kamera yake. Akamwongoza yule muuguzi kuchomeka ulimi, kufunga, kuvuta.

"Kinazunguka?"

"Kipi?"

"Hicho cha kushoto."

"Kinazunguka."

Akainama, akabonyeza, akavuta mwenyewe, akakitazama mpaka kiliposimama.

"Basi piga."

Picha zote zilitoka. Nyingi ni za paka.