Anayeiona Mikono

Siku mama alipotoka kituo cha Ebola huko Beni, alikuwa amevaa gauni la kupewa. Nguo alizoingia nazo zilichomwa, kama za wagonjwa wote. Pindo la gauni lile lilishonwa vibaya, na mama, fundi wa nguo tangu kabla sijazaliwa, hakusema neno. Hapo nikaogopa.

Tulirudi Butembo na cheti cha kupona. Majirani walitusalimu kwa mbali, lakini kilichomvunja hakikuwa wao. Ilikuwa mikono yake. Ilitetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye sindano.

"Ule fundi walimuchoma na manguo yake," aliniambia. "Huyu mwenye alirudia, miye simujue."

Wiki ya tatu akaja mzee Mhindi mwenye duka la vitambaa, yule ambaye kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, humwimbia Mungu wake Krishna mbele ya picha yenye maua. Aliweka kitambaa cheupe mezani.

"Mama, nipime. Nataka shati ya sikukuu ya Mungu wangu."

"Papa, hapana. Angalia hii mikono."

"Naangalia. Na weye, unaiona inatetemeka?"

"Naiona! Niko kipofu?"

"Na ule mwenye anaiona, naye anatetemeka?"

Mama akaitazama mikono yake. Mzee akaeleza kwamba kwao mwili huchakaa kama nguo, ila ndani yumo mmoja anayeutazama, asiyezeeka, asiyeungua. Huyo ndiye anayempenda Mungu. "Nilikuwa mutoto, sasa niko muzee. Mwenye kuimba ni ule ule."

"Lakini padri atanigombeza," mama akasema, akacheka, mara ya kwanza tangu Beni. Kisha akainuka, akauzungusha utepe wa kupimia kifuani pa mzee. Hakuna mteja aliyekuwa amemkaribia hivyo tangu arudi.

Mimi ndiye niliyekata na kushona, yeye kitini pembeni yangu. Kola ilipokamilika nilijipongeza.

"Fumua."

"Mama, nani ataona?"

"Miye."

Nilifumua mara tatu. Mara ya nne alipitisha kidole kinachotetemeka juu ya mshono, pole pole, akatikisa kichwa kukubali.

Mzee alipokuja kuchukua shati, aliligeuza nje ndani. "Nani alishona hii?"

"Miye," mama akajibu, mikono yote miwili juu ya meza, bila kuificha.

Vidole vyangu vilikuwa vimejaa matundu ya sindano. Sikumbishia. Sijawahi kujivunia uongo wa mtu kiasi kile, maana haukuwa uongo.