Nyayo Zilizoishia Mahameni kwa Robi

Maksai wa kijiji walipopotea, Robi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ni vijana. Hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya nyumba yake, kiko mdomoni, akasema kwa sauti ya kumfikia kila aliyepita na ndoo yake kwenda mtoni:

"Ni hawa wenye suruali za kufagia njia. Mtu avae suruali pana namna ile, anaficha nini humo ndani?"

Ndivyo alivyokuwa. Tangu Operesheni ya kuhamia vijijini ilipowatoa kwenye vilima vya Itiryo na kuwashusha huku chini, nyumba zikapangwa mstari kama askari wa gwaride, Robi hakumwamini mtu. Jirani akipita na sufuria, alitaka kujua mna nini ndani. Chumvi ya duka la kijiji aliionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Kuku wake walilala ndani, chini ya kitanda, na asubuhi aliwatoa mmoja mmoja huku akiwataja kwa rangi zao.

Robi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipokufa, ndugu wa mume walianza kuja kukaa kivulini pake bila shughuli, wakitazama zizi. Yeye akafanya kama mila ya Wakurya inavyomruhusu mwanamke wa namna hiyo: akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa binti mmoja aitwaye Gati, akamweka nyumbani, na watoto atakaowazaa Gati wakawa wa boma la Robi. Wakazaliwa wasichana tu, kisha akaja Waitara. Ndugu wa mume wakaacha kuja kivulini. Sasa Waitara alikuwa kijana wa ndevu za kwanza, na suruali yake pia ilikuwa inafagia njia, ila hiyo Robi hakuitaja siku ile.

Maksai wale walikuwa wawili, ndio waliokokota plau ya shamba la kijiji. Mmoja, wa kijivu, alitoka kwenye zizi la Robi mwenyewe; alimtoa mwaka ule wa kuhama, kwa shingo upande. Alfajiri lango la zizi la kijiji lilikutwa wazi. Yowe likapigwa, wanaume wakachukua mikuki, na mbele yao akatangulia mzee Heche.

Heche alikuwa wa rika la Robi. Walitahiriwa msimu mmoja, na katika ujana wake hakuna aliyemshinda kufuata nyayo za mifugo. Watu walisema anasoma kwato juu ya jiwe. Lakini jua lilipokuwa juu wanaume walirudi mikono mitupu, na Heche akasema mbele ya watu wote, "Nyayo zimeishia mahameni kwa Robi."

Kila mtu alielewa. Kwa sheria ya zamani, nyayo zikipotelea kwenye boma la mtu, mwenye boma ndiye atakayejibu. Haijalishi kwamba boma lenyewe sasa ni mahame, limebaki mkonge na majani. Mwenye boma ni mjane, kwa hiyo atakayejibu ni mwanamume wa boma lake. Na huyo mwanamume, Waitara, hakulala kijijini usiku uliotangulia. Alirudi jioni ile, miguu ina tope hadi magotini, mikono ameificha mifukoni.

Mwenyekiti wa kijiji, Tomaso, akatangaza kwamba kesho wazee watakaa. Waitara asipoonyesha maksai walipo, atafukuzwa kijijini, na wazee watamlaani. Aliyelaaniwa na wazee harithi boma. Robi alisikia na kiko kikazima mdomoni. Na ndugu wa mume, ambao hakuwa amewaona miaka, alfajiri ya siku ya pili walipita mbele ya nyumba yake wakimwamkia kwa heshima kubwa kupita kiasi.

"Ulikuwa wapi, mura?" alimwuliza Waitara. Hilo ndilo neno lao la kumwita kijana wa kiume, na mdomoni mwa Robi lilitoka kama anamshika sikio.

"Kijiji cha Matongo, bibi."

"Matongo kuna nini?"

"Nilikwenda kuchimba dhahabu."

"Iko wapi?"

"Sikupata."

Robi akamsogelea, akanusa shati lake. Halikunuka ng'ombe. Lakini shati linafuliwa. "Nilikukataza mashimo yale."

"Ndiyo maana sikusema."

"Basi mtu anayeficha shimo atashindwaje kuficha maksai?"

Gati, aliyekuwa akipepeta ulezi mlangoni, akaweka ungo chini. "Mama, huyu ni mtoto wako."

"Najua ni wa nani. Nauliza alikuwa wapi."

Waitara akacheka kicheko kikavu. "Kila kitu vijana. Mvua isiponyesha, vijana. Haya, nani alitufundisha kuchukua ng'ombe wa watu? Nilipokuwa mgongoni kwako ulikuwa unanibembeleza kwa sifa za babu. Zizi zima alilileta kutoka ng'ambo ya mpaka, na ninyi akina mama mkapiga vigelegele. Sasa mnatushangaa?"

"Babu yako aliiba kwa watu wengine!" Robi akafoka. "Hakuiba kwa majirani!"

Lakini maneno yale, alipoyasikia yakitoka, hayakumpendeza sana.

Hata hivyo kitu kimoja hakikumwingia akilini. Uongo wa Waitara, kama ulikuwa uongo, ulikuwa mbaya mno. Mwizi wa kweli angekuja na hadithi nzuri kuliko hiyo. Na kitu cha pili kilikuwa kikubwa zaidi: Heche alipotezaje nyayo? Heche yule, aliyewahi kufuata ndama mmoja ndani ya mvua hadi akamkuta? Ardhi bado ilikuwa na unyevu. Maksai wawili wazito, kwenye udongo laini wa mahameni, nyayo ziishie hewani? Walipaa?

Akachukua kamba na panga. Gati akamwuliza anakwenda wapi.

"Kuni."

"Kuni zimejaa uani, mama."

"Sizitaki hizo. Zinafuka moshi."

Alipanda kilima polepole, akisimama kila mara kama anayepumua, lakini alikuwa anatazama chini. Kwenye mkonge wa boma lake la zamani alikuta kwato zimekanyagana, kisha matawi yaliyoburutwa juu ya udongo. Mtu alifagia. Kijana gani anajua kufagia nyayo? Hawa wa sasa hata uwanja wa nyumba wanawaachia dada zao.

Akafuata matawi. Ng'ambo ya mkonge kulikuwa na mahame ya Heche mwenyewe, palipo na makaburi ya baba yake na babu yake. Na hapo, kati ya makaburi na korongo, udongo ulikuwa umegeuzwa. Mweusi, mbichi, mistari imenyooka. Shamba la ulezi, limelimwa kwa plau, mahali ambapo serikali ya kijiji ilikataza mtu kurudi kulima.

Maksai aliwakuta kwenye korongo, wamefungwa kwenye mti, wamekatiwa majani. Yule wa kijivu akainua kichwa alipomsikia akikohoa. Nyuma yake majani yakatikisika, na Heche akatokea na mzigo wa nyasi mgongoni.

Wakatazamana.

"Robi."

"Heche."

Mzee akatua mzigo. "Nilitaka kuwarudisha kabla ya jua. Nani angejua yowe litapigwa mapema vile?"

"Ukaja kuwaongoza watu wewe mwenyewe. Ukawaleta kwangu."

"Ningewaleta wapi? Kwangu?" Akakaa juu ya jiwe. "Nisikilize. Kule chini unalima, mavuno unayaona yakigawanywa na watoto wenye kalamu. Waliotutoa hapa ni watoto. Walikuja na lori, wakabomoa dari la mama yangu wakicheka. Nani alianza, mimi au wao? Nilitaka ulezi wangu kidogo tu, karibu na baba."

Robi alilitazama lile shamba. Kwa muda mfupi alitamani lingekuwa lake.

"Na Waitara?"

"Waitara ni kijana. Ana miguu, atapata mahali. Mimi nikitajwa, Robi, nani atanisikiliza tena? Sisi ni rika moja. Wewe na mimi hatutajani."

"Hatutajani," Robi akakubali. Akamsogelea maksai, akaanza kufungua fundo.

"Unafanya nini?"

"Nimekuja kutafuta kuni. Nimekuta ng'ombe wangu."

Heche aliondoka akikimbia kwa njia ya mkato, licha ya umri wake, fimbo ikimgonga miguuni.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji, vijana wamesimama pembeni, Waitara katikati peke yake. Heche alikuwepo tayari, ametulia, mabua ya nyasi yamemganda kwenye koti. Robi aliingia katikati yao na maksai wote wawili, akiwapigia mluzi, na mkutano mzima ukasimama isipokuwa Heche.

"Mama Robi!" Tomaso akasema. "Umewapata wapi?"

"Mwenyekiti, mimi ni mwanamke mzee, macho yangu hayaoni mbali. Lakini nyayo mbichi ziko nyuma yangu. Leo wazifuate vijana. Wazee wabaki wamekaa."

"Kwa nini wazee wabaki?"

"Mmechoka na ya jana."

Vijana wakaanza kusogea. Wawili walikwisha kuinama chini, wakionyeshana kwato. Robi hakumtazama Heche usoni. Aliyatazama yale mabua kwenye koti lake, moja baada ya jingine, hadi mzee mwenyewe akayaona, akaanza kuyapangusa, kisha akaacha.

"Msijisumbue," Heche akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Zinafika kwangu."

Alieleza yote. Wazee wakamtoza fahali mmoja wa kuchinjwa na pombe ya kijiji kizima, na tangu siku hiyo hakuitwa tena kutangulia kwenye nyayo. Lakini kabla hawajatawanyika, kijana mmoja alipaza sauti, "Mmeona? Kumbe wezi ni wazee! Kila siku sisi!"

Robi akageuka. "Wewe, njoo hapa. Alfajiri ile ya lango wazi, zamu ya kulinda zizi ilikuwa ya nani?"

Yule kijana akawageukia wenzake.

"Ya wazee?"

Vijana wawili wakatazama vidole vya miguu yao. Ilijulikana baadaye kwamba walikuwa wamelala kwenye nyumba ya pombe.

Jioni Waitara alikuja akachutama karibu na moto wake. "Asante, bibi."

"Toa mikono."

Alisitasita, kisha akaitoa mifukoni. Viganja vilikuwa vimechubuka vyote, malengelenge yamepasuka, damu imekauka kwenye mistari. Mikono ya mtu aliyepigana na mwamba, akashindwa. Robi akaishika, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa moto.

"Malengelenge hata kamba ya ng'ombe inaleta," akasema.

"Bibi!"

"Nimesema tu."

Akainuka, akaenda chini ya kitanda, kwa kuku, akatoa kibuyu cha samli ambacho hata Gati hakujua kama kipo. Akampaka mkono wa kwanza, taratibu, akampaka wa pili. Kisha akakifunga kibuyu, akamwambia ageuke atazame ukutani, asije akaona anapokirudisha.