Kujifunza Theluji kwa Mchanga wa Azaiba

Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba huko Norwe, na nyumba yao iko juu ya kilima ambako gari haifiki wakati wa theluji. Kutoka barabarani hadi mlangoni watu hupanda kwa viatu maalumu. Akanipigia simu, sauti ya kumbembeleza mgonjwa: "Mama, usijisumbue. Goti lako bovu, utaanguka. Mimi ntajiweza." Nilinuna wiki nzima. Uzazi wa kwanza, arubaini nzima, nani angemkanda kwa maji ya moto? Mumewe, anayeunguza hata mayai?

Nikamtaka huyo mkwe aniletee hivyo viatu. Akakubali kwa sharti: niviweze nikiwa bado Maskati, ama tiketi isikatwe.

Vilipofika, kumbe si viatu hata kidogo. Ni fremu mbili za plastiki, pana kama masinia, zenye meno ya chuma chini. Unavaa buti lako, unakanyaga katikati ya fremu, unakaza mikanda ya mbele, halafu wa nyuma, na kisigino kinaachwa huru kinyanyuke. Mimi, kuzijaribu mle nyumbani, nilivua raba nje ya mkeka, kama ninavyovua penye mkeka wowote, nikajifunga fremu na soksi tupu. Mikanda ikabaki inaning'inia. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Theluji hatuna, lakini mchanga upo. Tukaenda ufukweni Azaiba baada ya sala ya alfajiri, kabla wakimbiaji hawajajaa. Nikakunja abaya kiunoni juu ya suruali, nikapiga hatua ya kwanza vizuri. Ya pili nikakanyaga fremu kwa fremu, nikaanguka kifudifudi. Nikainuka, nikaanguka tena. Mara ya tatu nilikaa pale pale, mchanga mdomoni, nikaogopa kweli. Niliona mwanangu anazaa kwa wageni na mimi niko Maskati natazama picha.

"Wenda kama bi harusi," mume wangu akasema. "Tanua miguu, bibi wee."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Watu gani? Paka yule?"

Tangu utotoni naambiwa nibane miguu: nikikaa, nikipita mbele ya wakubwa, na nilipokuwa mzazi ndani ya arubaini ndiyo kabisa. Nikatazama huku na huku, nikaitanua, nikaenda kama bata. Fremu hazikugusana. Nikafika kwenye goli la vijana, nikazunguka kwa duara kubwa, maana kwa vitu vile kurudi kinyumenyume ni kuanguka tu, nikarudi hadi kwa mume wangu bila kuyumba. Nilitamka alhamdulillahi mfululizo hata pumzi zikaniishia. Mwili wote ulikuwa mwepesi, goti sikulisikia.

Yeye alikuwa ananirekodi. Akamtumia binti yetu video, na simu ikalia hapo hapo. Nilijitayarisha kuchekwa. Alipotokea kwenye kioo alikuwa analia, kamasi zinamtoka kama mtoto.

"Mama, nilikwambia uongo. Nnaogopa. Sitaki kuzaa bila ya wewe."

Na mimi wiki zote zile nilidhani hanitaki.

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia. "Nakuja."