Sahani ya Zafarani

Mkwe wangu akitia zafarani kwenye wali wa Idi, mimi hutoka nje. Anadhani sipendi mapishi yake.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kijiji kizima kilimchagua awe jumbe. Mgonjwa akiletwa, baba aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Tuliliita kombe.

Siku moja wanaume waliochoka kulimishwa pamba ya Wajerumani walijaa barazani kwetu, nywele zimelowa maji ya mganga.

"Jumbe, tuandikie na kombe, risasi zisitupate."

"Kombe ni dua. Habari ya risasi siwezi kuwaahidi," baba alisema. "Rudini majumbani."

"Tumeshakula kiapo."

Baba akaingia ndani kuvaa kanzu. Mama akamshika mkono.

"Wewe huyaamini maji yale. Unafuata nini?"

"Hawa ndio walionichagua. Wakifa, nani atawaswalia?"

Mama alimsihi ajiandikie kombe. Aliandika, lakini hakulinywa. "Wenzangu hawakunywa," alisema, akamwachia sahani.

Hakurudi hata mmoja. Mama aliifunika sahani ile kwa kawa, akimngojea. Wajerumani walipochoma mpunga wetu na njaa ikaingia, aliifunua, akaiosha, akatunywesha mimi na mdogo wangu. Zafarani bado ilinukia.

Mdogo wangu aliiramba sahani, kisha akauliza wali uko wapi.