Mkebe wa Kakao

Kakao iliyoungua ndiyo harufu ya mwaka wangu wa darasa la sita. Baba alikuwa amechukua mkebe mtupu wa kakao, wa zamani, wenye mfuniko wa kubana, akautoboa kwa msumari na kufungia ndani spika ya redio ya gari bovu. Kila alipougusa kwa chuma cha moto akilehemu waya, unga uliosalia ukingoni uliungua, na chumba chetu pale mtaani Rhonda kikanukia kama asubuhi ya Krismasi. Alichomeka gita lake, akapiga pambio, na mkebe ukaimba kwa sauti nyembamba ya kukwaruza. Mimi na mama tulicheka hadi tukashikana. Sidhani tuliwahi kucheka hivyo tena.

Baba alisaga unga wa watu kwenye kinu cha dizeli, na Jumapili alipiga gita kanisani. Kinu kilitulisha, lakini gita ndilo lililomfanya ajione mtu. Mkebe ule ulilitosha kanisa letu dogo la mabati. Ila kabla mvua za masika hazijakatika, akaanza kuulaumu. "Hii spika imekufa," aliniambia, akipekua waya ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Akahamia mkebe wa biskuti ambao mama aliwekea nyuzi na vifungo. Haukupita muda akasema nao umekufa, akageukia debe la mafuta ya taa. Kila Jumamosi alizunguka kwa mafundi wa redio akiokota transfoma na spika kuukuu, kubwa kuliko za juma lililotangulia, na kila Jumapili waumini wakasogea nyuma kidogo. Sisi tulijivuna tu. Tuliona baba anapanda cheo.

Mwishowe alilitwaa sanduku la mbao la nyanya yangu, ambalo babu aliachiwa na mzungu mwajiri wake alipoondoka shambani kule Bahati. Mama alitoa blanketi zake ndani. Jumapili ile sanduku lilinguruma hadi mabati yakatetemeka na watoto wachanga wakaangua kilio, na hakuna uzi wa gita uliopatana na mwenzake. Baba alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba spika hazikuwa zimekufa.

Kesho yake jioni mchungaji alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mwema, na maneno yake aliyasema kwa upole, ameinama. "Mzee, tumeonelea upumzike kidogo. Vijana watapiga."

"Amina," baba akaitikia.

Mchungaji akarudia, sauti ikiwa chini zaidi kwa haya. "Amina," akasema baba, akamsogezea chai. Mgeni akainywa haraka, akaenda zake.

Jumamosi, baba alipoanza kulipangusa sanduku, mama alimshika bega akamwambia sikioni. Hakusikia. Akasema tena. Ilimbidi apaze sauti, na tena azidi kuipaza, mpaka akawa anapiga kelele huku analia: "Baba Wanja, wamesema usipige tena. Masikio yako yameisha." Wapangaji wote wa ploti walisikia, na safari hii baba pia alisikia.

Siku hizi Rhonda kila kibanda kina spika ya dukani yenye taa za rangi, inabweka kutwa, na hakuna anayehangaika na mikebe. Nilipopata kazi nilimpeleka baba kwa daktari, tukaambiwa tumechelewa sana. Anaishi nami sasa. Gita halishiki tena. Watu huniambia nishukuru kwamba yu hai, nami nashukuru, lakini sijapata mahali pa kuiweka huzuni hii.

Majuzi niliuteremsha mkebe wa kakao kutoka juu ya kabati, nikauchomeka, nikagusa uzi mmoja wa gita. Ulilia vilevile, kwa sauti yake nyembamba ya kukwaruza. Baba alikuwa kando yangu akimenya viazi. Hakugeuka.