Okidi Zangu na Jukwaa la Mheshimiwa

Nyumba tuliyohamia mara baada ya uhuru, mume wangu alipopandishwa cheo ofisini, ilikuwa na okidi barazani. Mzungu aliyetutangulia alikuwa ameziacha: mimea mikubwa iliyonifika kifuani, mizizi imepasua vyungu na kuning'inia nje. Mume wangu alitaka zitupwe. Nilikataa.

Wifi yangu alikuja kutoka kijijini Iguhu kunisaidia, tukashinda nazo kutwa. Tulilaza kila chungu, tukakivunja kwa nyundo, tukakata mizizi iliyooza kwa kisu tulichokipitisha motoni. Tulizipanda kwenye mapipa yaliyokatwa nusu na kutobolewa chini, katika vipande vya makaa na magome. Udongo hatukutia hata kidogo. Okidi hizi huota juu ya miti, na udongo huzinyima hewa. Wifi aliumia mgongo. Msimu uliofuata zilitoa mashada ya manjano yenye madoadoa, watu wa mtaa wetu wa Shieywe wakawa wanakuja uani kutazama.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikakuta baraza tupu. Mheshimiwa fulani alikuwa akihutubia mkutano mjini, na mume wangu alikuwa amezipeleka zipambe jukwaa. Zilirudishwa jioni kwa lori. Waliopamba jukwaa walikuwa wamezishindilia matope ili zisimame wima, wakachomeka bendera za karatasi katikati ya mashina. Maua yote yalikuwa yamechumwa.

"Ni maua tu, mama watoto," mume wangu alisema, akivua koti. "Uhuru umekuja, wewe unalilia majani?"

"Huo uhuru ndio umekufundisha kuchukua vitu vya watu bila kuuliza?"

Akacheka. Nililivuta pipa la kwanza kutoka barazani, nikalibinua pale pale sebuleni, matope yakamwagikia viatu vyake, kisha nikapiga magoti nikaanza kuosha mizizi. Hakucheka tena. Okidi moja ilioza na kufa. Zilizobaki zilikaa muda mrefu bila kuchanua.

Mheshimiwa mwingine alipotangazwa kuja, lori lilisimama tena uani.

"Mama, nimetumwa hiyo maua," dereva alisema.

"Mwambie aliyekutuma aje azibebe mwenyewe."

Nilikaa kwenye ngazi za baraza, panga mapajani. Mume wangu akaja, akanitazama, akawatazama majirani waliokusanyika, akageuka na kuondoka. Jukwaa lilipambwa kwa migomba. Kwa wiki kadhaa hakunisemesha, nami sikumbembeleza. Hasira ilikuwa bado imenijaa, na hata leo nikisimulia haya sauti yangu hupanda.