Wimbo wa Kibuyu

Pale Kapsoit palipokuwa na saiba ya jirani yetu, chumba cha kompyuta na mtandao, sasa wanakaanga chipsi. Nilipita hapo mwezi jana nikienda nyumbani, nikasimama mlangoni nikishangaa, mpaka kijana wa karai akaniuliza, "Madam, nikufungie ama unakula hapa?" Nikamwambia natafuta kompyuta. Akacheka, akamwita mwenzake aje anione. Haki, hata mimi ningecheka.

Lakini wewe, rafiki yangu, usicheke kwanza. Hapo kwenye karai la mafuta ndipo nilipojifunza kutengeneza muziki, na ni hapo hapo nilipojua kwamba mtu anaweza kukuita "mwanangu" mbele ya watu, kisha akakugeuka mbele ya watu wale wale. Miaka imepita, na bado nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Nililelewa na Kogo. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Wazazi wangu walikuwa wakichuma chai ya kampuni mbali na nyumbani, nami nikabaki kwa Kogo na kashamba kake. Likizo ilikuwa ni kuchuma tu: majani mawili na chipukizi, na ukithubutu kuchuma la tatu, lile gumu, Kogo anakurushia usoni. "Hili mpelekee ng'ombe!" Umande wa Kericho hauna adabu, unaingia hadi ndani ya soksi. Kufika saa nane mvua ilikuwa imeshaanza kupiga mabati, na harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani inateremka mpaka jikoni, inachanganyika na moshi na ugali wa wimbi. Sijawahi kula kitu kitamu kama ule ugali na mboga ya isagek iliyolazwa kwa maziwa.

Jioni Kogo alisafisha vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Anachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa jekundu, anakitia ndani ya kibuyu, anasugua kwa ufagio wake mdogo, kwaru, kwaru, kwaru, huku akiimba wimbo aliofundishwa na mama yake. Halafu anaacha. Anakigeuza kibuyu, anakigonga chini, anapuliza jivu, ndipo anaendelea na wimbo pale alipouachia. Kwa hivyo wimbo wenyewe ulikuwa na shimo katikati, na shimo halikuwa sawa kila mara, kwa sababu jivu nalo halikuwa sawa kila mara. Mimi nilikua nikidhani nyimbo zote duniani husubiri jivu.

Sasa, jirani yetu. Alikuwa mzee kutoka upande wa ziwa, fundi wa mitambo aliyestaafu kiwandani akakataa kurudi kwao, akafungua saiba yenye kompyuta kuukuu zinazokohoa. Mimi nilimfagilia sakafu, yeye akaniachia ile ya pembeni, iliyokuwa mbovu kuliko zote. Haikuweza kucheza video, haikuweza lolote, ila kiprogramu kimoja kidogo cha kutengeneza muziki wa sauti za gemu za zamani. Unaujua ule muziki: piii, puuu, na mchakacho kama mvua ya mbali. Sauti nne tu kwa wakati mmoja, ukitaka ya tano, mojawapo inyamaze. "Hiyo kitu yako inalia kama kuku amekanyagwa," jirani aliniambia, lakini mguu wake chini ya meza ulikuwa unacheza.

Kiprogramu kile kilinipeleka kwenye jukwaa la mtandaoni la watu waliopenda muziki huo. Tulikuwa wachache, wengi Wakenya, wengine Watanzania. Kulikuwa na mama mmoja wa Nakuru mwenye duka la dawa, aliyetengeneza nyimbo kaunta ikiwa haina mtu. Alijua mimi ni mtoto wa shule akawa ananiuliza kama nimekula. Mila ya pale ilikuwa kwamba huweki wimbo uliofungwa, unaweka faili wazi, yenye noti zote, ili mwenzako afungue aone umepikaje. Ilikuwa ni kumfunulia mtu sufuria jikoni kwako. Ukificha, wewe si mwenzetu. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi, kulikuwa na sheria moja ya kulinda watu: aliyeuweka wimbo kwanza jukwaani ndiye mwenyewe.

Aliyetufundisha mila hizo tulimwita Mwalimu. Sura hatukuijua. Alikuwa mtu mzima, Kiswahili chake kimenyooka, hana haraka. Ndiye aliyenifunza jinsi ya kuufanya ule mchakacho uwe ngoma, na jinsi ya kuibana sauti moja ili ifanye kazi ya mbili. Nilimpenda kama nilivyompenda baba yangu, na baba yangu nilimwona mara chache kuliko nilivyosoma maneno ya Mwalimu.

Nikautengeneza wimbo wa Kogo. Mchakacho nikaufanya kuwa ufagio ndani ya kibuyu, kwaru, kwaru, kwaru. Sauti mbili zikaimba, ya nne ikawa ng'ombe, kwa sababu kwetu daima kuna ng'ombe analia nyuma. Na shimo nikaliacha, tena kila mzunguko kwa urefu wake. Nilifanya kazi ile likizo nzima. Siku nilipomchezea jirani, alivua miwani, akaniambia niurudie.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa mjini asingelifanya. Nyumbani kwa Kogo, maziwa ya kibuyu kipya hayapelekwi kwa wageni kabla mkubwa hajaonja. Mkubwa anameza, anatikisa kichwa kukubali, ndipo wengine wanapewa. Basi wimbo wangu sikuuweka jukwaani. Nilimtumia Mwalimu peke yake, faili wazi, nikamwandikia: "Onja kwanza."

Akajibu, "Mtamu, mwanangu. Ila mdundo unachechemea. Niachie niunyooshe."

Mvua ya mawe ikanyesha wiki hiyo. Ilichana majani ya chai yakawa kama sukuma wiki iliyokatwa, ikaangusha nguzo za stima, na saiba ikawa giza. Stima iliporudi nilikimbia bila hata kunawa mikono. Wimbo ulikuwa jukwaani, juu kabisa, shimo limezibwa, na watu wakiusifu kwa mafungu. "Huo mchakacho umeupata wapi, Mwalimu?" "Mwalimu ni mwalimu tu!" Jina langu halikuwepo popote. Naye alikuwa ameshukuru, mmoja mmoja.

Nikaandika kwamba huo ni wimbo wa nyanya yangu, kwamba huo mchakacho ni kibuyu, kwamba nilimtumia aonje. Mwalimu akajibu kwa upole wake ule ule: "Wanafunzi wachanga huchanganya zoezi walilopewa na kazi yao wenyewe. Simlaumu." Umeona? Hakunilaumu! Wengine wakanikumbusha sheria, aliyeweka kwanza ndiye mwenyewe. Nikamgeukia mama wa Nakuru, kwa kuwa yeye nilikuwa nimemsimulia habari za kibuyu tangu mwanzo wa likizo. Alijua. Alijua vizuri kabisa. Nikaona ameanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Kisha ikaja: "Asante ya punda ni mateke. Mwombe Mwalimu msamaha, yaishe."

Sikuomba. Wakanifungia mlango.

Mwalimu nilimchukia, lakini kumchukia yeye kulikuwa rahisi. Yule mama ndiye aliyenikata maini. Mwizi anaiba kwa sababu anataka kitu, huyu hakutaka chochote, alitaka tu pawe na amani kwenye jukwaa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hiyo nilikuwa nimejifunika nikiona baridi.

Nilimwambia Kogo nikilia. Ilibidi nimweleze kwanza kompyuta ni nini, jukwaa ni nini, faili ni nini, na akawa anaitikia "mm, mm" huku akichambua wimbi. Nilipomaliza akaniuliza kwa Kikipsigis, "Sasa ameuchukua vipi, na mimi bado ninao?" Akafungua kinywa akauimba wote, na shimo lake, kuonyesha haukupungua. Nikacheka na kamasi zangu. Nilimwamini. Sikuona haja ya kumrekodi, kwani yeye si yupo?

Kogo tulimzika msimu wa chai nyingi. Jirani naye alirudi kwao ziwani, wakampokea akiwa kwenye jeneza. Jukwaa lilikufa polepole, nyimbo zetu zote zikapotea nalo, na siku hizi maziwa nyumbani yanawekwa kwenye mtungi wa plastiki. Kitu kimoja tu hakikupotea. Wimbo wa Mwalimu uliingia kwenye gemu ya simu, ile ya punda anayeruka mitaro, na ukivuka mitaro yote jina lake linapanda polepole kwenye kioo. Watoto wa Kericho na Bomet wote wanaujua. Ukikaa kwenye kinyozi utausikia.

Mwezi jana, baada ya zile chipsi, nilifika nyumbani nikamkuta binti wa ndugu yangu akicheza punda huyo jikoni, mahali alipokuwa akikaa Kogo. Nikamwambia, "Zima hiyo kitu nikuimbie wenyewe. Huu ni wimbo wa kogo wetu." Akazima, mtoto mwenye heshima. Nikaimba. Nikafika katikati, nikaacha, nikasubiri.

"Anti, umesahau?" akaniuliza. "Haiendi hivyo. Hapo hakuna kusimama."

Akaniimbia, umenyooka kama rula, kichwa kinacheza, akiwa na hakika kabisa. Nikamwambia hapana, sikiliza tena. Nikaanza upya, polepole, nikitafuta pale Kogo alipokuwa akikigeuza kibuyu, nisipaone. Nikaimba mpaka mwisho bila kusimama, na mtoto akanipigia makofi.